Mbu abebe dawa mwenyewe

Wandugu wachimbaji, mvua imerudi. Mashimo yaliyoachwa yanajaa maji, na mbu anataga mule. Batoto wakigonjwa malaria, tunaambiwa bamama hawakufunga chandarua muzuri.

Sisi wa sendika tunakataa hiyo. Mbu wengi wa Kongo wamezoea dawa ya vyandarua vya zamani: anaigusa, anaendelea na safari yake. Na baba anayefanya kazi ya usiku, chandarua kiko nyumbani, yeye iko kwenye shimo.

Kuna dawa ingine, piriproksifeni. Unga wake unapakwa mahali penye giza ambapo mbu anapenda kupumzika. Unashika kwenye miguu yake, na akienda kutaga anauacha ndani ya maji. Watoto wake wanakua kidogo, lakini hawafikii kupata mabawa, wanafia mulemule. Yeye mwenyewe anapeleka dawa mpaka kwenye kidimbwi ambacho mutu wa kupuliza hangekiona.

Kule Iquitos, Peru, matokeo yalitoka 2009: dawa iliwekwa kwa 3 mpaka 5 kwa mia tu ya mahali mbu anapumzika, na ikafika karibu vyombo vyote vya maji vilivyowekwa kwa kupima. Jirani zetu wa Ifakara, Tanzania, walipaka vyungu vya udongo kwa ajili ya mbu wa malaria, ndani ya nyumba kubwa ya wavu, na ilitumika.

Hatudanganyi mutu. Mbu wa Iquitos anataga katika maji madogo. Shimo la mgodi ni ziwa. Unga wa miguu ya mbu utapotea mule. Shimo kubwa lifukiwe, na alifukie yule aliyelifungua kwa mashini, si bamama na majembe yao! Lakini maji ya alama za malori, ya pale tunaposafisha mawe, ya nyuma ya nyumba zetu, pale vyungu vinaweza kujaribiwa.

Kwa hiyo tukikaa na wakubwa juu ya mushahara, tutaomba pia vyandarua vya dawa mbili ambavyo OMS ilikubali 2023, malori ya udongo, na munganga wa kuanzisha jaribio la vyungu katika kambi moja. Wanaotaka iwe kambi yao, waandikishe majina kwa mujumbe wao mbele ya mwisho wa mwezi.