Mobius ilizaliwa Kilifi, ikafia Nairobi

Tangu Agosti 2024, Mobius ilipotangaza inafunga, utani haujaisha. Hata iliposemekana imepata mnunuzi, bado mnacheka: eti Mkenya na kuunda gari, wapi na wapi! Haya, mmecheka. Sasa nisikizeni mimi mtu wa Kilifi, maana hii stori ni yetu kabla iwe ya Nairobi.

Joel Jackson, yule Mwingereza aliyeanzisha Mobius, alikuwa huku kwetu akifanya kazi na Komaza, wale waliokuwa wakipanda miti na wakulima. Akaziona barabara zetu. Wewe enda Bamba ama Marafa siku ya mvua ndio utaelewa: mama mjamzito juu ya boda, gunia la mahindi juu ya boda, kitanda juu ya boda. Jamaa akawaza gari rahisi, gumu, la njia kama hizo. Wazo fiti kabisa.

Mobius II ikatoka 2014, kama shilingi 950,000. Haina AC, haina madoido. Mkasema inafanana na sanduku. Si sanduku ndio tulitaka! Citroën 2CV ya Ufaransa ilitolewa 1948 kwa ajili ya wakulima, ipite shambani na kikapu cha mayai bila yai kuvunjika. Sura yake ilichekwa pia, na iliundwa hadi 1990.

Lakini 950,000 huku ni pesa ya nani? Muuza nazi wa Ganze anayo? Badala ya bei kushuka, ikapanda. Toleo lililofuata likawa milioni 1.3. Mwaka 2021 ikaja Mobius III, karibu milioni 4! Mwenye milioni 4 si atajitafutia Prado yake ya mtumba? Hapo sisi tulishasahaulika kitambo.

Kwa hivyo msiniambie Wakenya hatuwezi. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitembea, tena ilifika kilomita 120 kwa saa. Ziliundwa tano tu. Kilichokosa ni pesa za kiwanda, akili zilikuwepo.

Na nyinyi viongozi wetu mnaopenda kuhubiri ‘nunua bidhaa za Kenya’, hebu tuambieni: mkija kuomba kura Ganze, huwa mnashuka kwenye gari gani?