Mlima Kenya Haupandwi kwa Pupa

Huenda mwanao aliye katika chama cha wapanda milima shuleni amekuletea barua akitaka ruhusa na nauli ya kwenda Mlima Kenya. Kabla hujaitia sahihi, hebu tuzungumze kidogo.

Mlima huu ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Sehemu zake laini zilimomonyolewa na barafu, yakabaki mawe magumu yaliyokuwa kooni mwa volkeno. Vilele vyake vikuu ni Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Vyote vimepewa majina ya walaiboni wa Kimaasai. Mwingereza Halford Mackinder na waelekezi wake wawili, Ollier na Brocherel, ndio waliokuwa wa kwanza kufika Batian, mnamo Septemba 13, 1899.

Batian na Nelion ni vya mafundi wa kupanda majabali kwa kamba. Lenana, ambako marehemu Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu wakati wa Uhuru mwaka 1963, hufikiwa kwa miguu tu. Na hapo ndipo penye mtego! Kwa kuwa hakuna haja ya kamba, wengi hudhani ni matembezi.

Chukua njia ya Naro Moru, ambayo hupendwa kwa kuwa ni fupi. Usiku wa kwanza hulalwa Met Station, mita 3,050. Usiku wa pili ni kambi ya Mackinder, mita 4,200. Kabla ya alfajiri, safari ya Lenana huanza. Yaani mtu aliyezoea Nairobi, mita 1,700 hivi, anafika karibu mita 5,000 kwa siku tatu. Huko juu, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa huvuta.

Mwili huhitaji muda kuizoea hali hiyo. Usipopewa muda, kichwa hugonga, chakula hakipiti na usingizi hutoweka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuropokwa, au kukohoa povu, ubongo au mapafu yamo hatarini, na anaweza kufa. Hapo hakuna kungoja kukuche. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Wala ujana si kinga. Vijana wenye nguvu ndio hukimbia mbele na kuanguka kwanza.

Kwa hivyo, muulize mwalimu: je, mmetenga siku moja zaidi ya kupumzika njiani? Kuna mwelekezi anayeujua mlima? Kila mtoto ana koti la mvua, glavu na tochi? Majibu yakikosekana, weka kalamu chini. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Hata hivyo, usimnyime mtoto milele. Mwishoni mwa karne ya 19, mlima huu ulikuwa na mito ya barafu 18. Leo vimesalia vipande vichache, navyo vinayeyuka. Mwanao akijiandaa vyema aende akaione, maana wajukuu zako huenda wakaisoma vitabuni tu.