Pikipiki Kuukuu Isipotaka Kuwaka

Juma lililopita alinijia mzee mmoja, jirani yetu hapa Mashimoni katika Kibera, jioni niliporudi kutoka kazini. Akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi waja watu wa vyuma vikuukuu kuichukua pikipiki ya marehemu baba. Nimekwisha kubaliana nao kwa kilo. Lakini kabla haijaenda, nataka kujua kama imekufa kweli." Mzee huyu ajua kwamba nilijifunza kazi hiyo kidogo kwa mjomba wangu kabla sijawa karani. Sikuweza kumkatalia.

Baba yake alikuwa askari wa K.A.R., kama walivyokuwa wengi wa Wanubi wa kwanza waliokaa Kibera. Pikipiki aliyomwachia ni BSA M20, yenye silinda moja ya cc 500. Herufi hizo tatu ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni ya Uingereza iliyoanza kwa kuunda bunduki. Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, kampuni hiyo iliunda pikipiki za M20 zaidi ya 100,000 kwa ajili ya majeshi. Ni chombo kizito, kisicho na madoido, nacho kiliundwa ili askari aweze kukitengeneza mwenyewe njiani.

Mzee akanionyesha risiti. Vijana wawili walikuwa wamemnunulisha betri mpya, kisha plagi mpya, kisha plagi nyingine. Fedha zikaisha, na mmoja wao akaumia mguu kwa kurudishwa na kiki. Ndipo wakakata shauri kwamba injini imekufa.

Siwalaumu vijana hao kwa bidii yao, bali kosa lao latufaa sote kulijua. Walinunua kabla ya kuuliza. Moto wa plagi ya M20 hautoki katika betri hata kidogo. Hutoka katika magneto, chombo kinachojitengenezea umeme wake chenyewe kinapozungushwa na injini. Betri ni ya taa na honi. Waweza kuiondoa betri ukaitupa, na injini ikawaka vilevile. Basi fedha za betri zilikwenda bure.

Sisi makarani twajua kwamba faili likipotea, hatununui kabati jipya. Twauliza lilionekana wapi mara ya mwisho, kisha twalifuata meza kwa meza. Injini nayo huulizwa hivyo hivyo, maswali matatu kwa utaratibu: je, petroli yafika? Je, cheche yatoka? Je, silinda yabana?

Swali la kwanza. Nilifungua tangi nikanusa. Petroli iliyokaa miaka hunuka kama rangi ya mbao, nayo huacha utando katika kabureta. Tuliimwaga yote, tukatia mpya kidogo. Nikachomoa mpira wa petroli na kufungua koki. Petroli ilitiririka, ikapungua, kisha ikakoma. Nilipolegeza kifuniko cha tangi ikatiririka tena. Kumbe kitundu cha hewa katika kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi, na tangi lisipovuta hewa halitoi petroli. Nilikizibua kwa sindano. Kisha nikafungua kabureta, nikapuliza jeti, nikahakikisha kwamba boya lapanda na kushuka.

Swali la pili. Hapa naomba msomaji asikilize vema. Kabla ya kujaribu cheche tuliisukuma pikipiki mpaka mahali pa wazi, mbali na nyumba, tukafunga koki, tukafuta petroli iliyomwagika, tukangoja mvuke utoke. Nyumba zetu za mabati zimeshikana, na moto ukianza katika njia zetu nyembamba haumwulizi mtu jina. Nikafungua plagi, nikairudisha katika waya wake, nikalaza chuma chake juu ya injini, mbali na tundu la silinda, na kijana akapiga kiki. Hapakuwa na cheche.

Plagi ilikuwa mpya, kwa hiyo nikaufuata umeme kurudi nyuma, meza kwa meza. Nikafungua kifuniko cha platini. Nyuso zake zilikuwa za kijivu kwa kutu na unyevu wa masika mengi. Nilizisugua kwa msasa laini kabisa, nikazifuta, nikapima nafasi yake zinapoachana: yafaa iwe kama milimita 0.3. Kisha nikatoa kipande cha kaboni kinachopokea umeme kutoka katika magneto, nikafunga kitambaa safi chenye petroli kidogo katika ncha ya penseli, nikakiingiza huku kijana akizungusha injini polepole. Kitambaa kilitoka cheusi. Tukaacha pakauke vizuri, tukajaribu tena, na cheche ya buluu ikaruka.

Swali la tatu lilikuwa jepesi. Kiki ilikuwa ikikataa kushuka kwa uzito wa mkono, nayo ni dalili kwamba silinda yabana. Kama ingeshuka bila kizuizi, ningetazama kwanza kama waya wa kufungulia valvu ya moshi umekazwa mno.

Ikabaki desturi ya kuiwasha, ambayo vijana hawakufundishwa na mtu. Fungua koki. Bonyeza kidude cha kabureta mpaka petroli ionekane. Funga hewa. Rudisha nyuma mkono mdogo wa kuchelewesha moto, kwa maana usipofanya hivyo kiki yaweza kukuvunja mguu. Sukuma kiki polepole mpaka ikaze, inua valvu ya moshi, ipitishe kidogo, iachie, kisha piga mara moja kwa uzito wote wa mwili. Mara ya nne injini ilinguruma. Mzee alivua kofia yake, akasimama kimya.

Sitawaficha yaliyofuata. Baada ya robo saa injini ilipopata joto ilizimika, ikakataa kuwaka mpaka ilipopoa. Hiyo ni dalili ya kondensa au nyuzi za ndani ya magneto zilizochoka, na kazi hiyo yataka fundi wa kuzisuka upya. Nilimwambia mzee gharama yake haitakuwa ndogo. Akajibu, "Sasa najua ninacholipia." Jumamosi watu wa mizani walirudi mikono mitupu.

Basi ndugu msomaji, iwe ni pikipiki, pampu ya shamba au cherehani, usikubali kuuziwa kipuri kabla fundi hajakuonyesha kwa macho yako kilichoharibika. Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha endelea kwa kingine. Nawe andika ulichofanya, kwa maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.