Karakana Yetu: Poza Kwanza, Mbio Baadaye

Wenzetu wawili chamani wanatamani Mazda RX-7 ya turbo, toleo lililouzwa hapa Marekani mwaka 1993 hadi 1995. Hatuwakatazi. Tunawaomba waijue kwanza.

Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu, ujazo wa lita 1.3 tu, na turbo mbili: moja huanza kazi mapema, ya pili hujiunga mizunguko ikipanda. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba. Ikivunjika, injini yote hufunguliwa, na akiba ya kazi za kiangazi imekwenda.

Adui wa sili ni joto, na petroli inayolipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Wengi huanza kwa kufunga ekzosi pana. Presha ya turbo hupanda yenyewe, petroli isitoshe, sili ikavunjika. Sisi tunashauri rejeta kwanza, kisha intakula, kisha geji za presha na joto, halafu petroli na kompyuta ya injini. Nguvu iwe ya mwisho.

Msishtuke ikinywa oili. Imeundwa hivyo ili kulainisha sili. Ikagueni kila mnapojaza petroli.

Na kabla ya kulipa, kompresheni ipimwe kwa kipimo cha rotari, kinachosoma nyuso zote tatu za kila rota. Kipimo cha kawaida huficha uso dhaifu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.