Nne au Ishirini na Nane?

Nina neno lililonikaa rohoni tangu muhula uliopita, na leo nalitoa.

Tuliulizwa katika zoezi la hisabati: kwa sarafu za shilingi 1, 5 na 10, mtu anaweza kulipa shilingi 10 kwa namna ngapi? Niliinua mkono kuuliza jambo, nikaambiwa nisipoteze wakati. Darasa zima likajibu 4: sarafu moja ya kumi, mbili za tano, moja ya tano na tano za shilingi moja, au kumi za shilingi moja. Mimi nikaandika 28. Nikapata sifuri, na wenzangu wakacheka hadi kengele ikalia.

Jamani, sikuwa nimerukwa na akili! Sisi wanafunzi wa kutwa hatukosi sarafu za nauli. Siku hiyo mfukoni nilikuwa na za zamani zenye sura za marais, na zile zilizotolewa mwaka wa 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi. Zote ni pesa halali. Basi nikahesabu kila sarafu kuwa ya aina mbili. Ya kumi ina namna 2. Mbili za tano: zote za zamani, zote mpya, ama moja moja, yaani 3. Ya tano pamoja na tano za shilingi moja: hiyo ya tano ina namna 2, na katika zile ndogo mpya zaweza kuwa sifuri hadi tano, namna 6, mbili mara sita ni 12. Kumi za shilingi moja: mpya ni sifuri hadi kumi, namna 11. Jumlisha mwenyewe.

Mwenzangu wa dawati anashikilia kwamba shilingi ni shilingi, iwe na twiga iwe na rais. Kwa makanga ni kweli, walahi hatazami. Lakini swali lilitaja makanga wapi? Isitoshe, waliojibu 4 wamekubaliana kimyakimya kwamba haijalishi ni sarafu gani inatangulia kutolewa. Ingejalisha, jibu lingekuwa 9. Nani aliwaambia?

Wanahisabati wenyewe huzihesabu zote mbili. Nambari 4 hugawanywa kwa namna 5. Kila kipande kikiwa na rangi mbili za kuchagua, namna hizo huwa 20. Wao husema kwanza ni ipi wanayohesabu.

Alama ile siidai tena. Walimu wetu wapendwa, ninachoomba ni kwamba mwanafunzi akiinua mkono kuuliza, "Ni aina moja au mbili?" ajibiwe.