Kuwa Mtu wa Kanisa

Ukimwuliza mtu wa pande hizi za Fort Ternan, "Wewe ni wa kanisa gani?" hatasita kujibu. Mmoja atasema A.I.C., wa pili Africa Gospel, wa tatu ni Mkatoliki, na wa nne Msabato. Huenda akakuonyesha na cheti cha ubatizo, alichokitunza pamoja na hati ya shamba lake. Cheti ni kitu chema, na makarani wanajua jinsi kilivyowafaa wengi walipotafuta nafasi za shule. Lakini cheti hueleza siku mtu aliyoingia tu. Hakielezi ni nani mwenye haki ya kubisha mlango wake usiku.

Swali hili ni zito hapa kuliko mahali pengi, na asili yake ni ya zamani. Wamisioni walipokuja, kila chama kilishika upande wake wa nchi. Willis Hotchkiss alianza kazi kati ya Wakipsigis mwaka 1905 huko Lumbwa, ambako siku hizi huitwa Kipkelion. Mwaka 1906 watu wa C.M.S. walifungua shule ya Maseno, na Wasabato wakaanza kazi Gendia, kati ya Waluo. Basi watoto wakazaliwa wakikuta kanisa la baba yao linasema lugha ya baba yao, na wazee wa kanisa ndio wajomba na baba wadogo. Hivyo Injili ilieleweka upesi, wala si vema kuwalaumu wale wa kwanza. Ila desturi hiyo iliwafanya wengi wadhani kwamba kanisa na kabila ni zizi moja.

Reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, pamoja na mashamba makubwa ya chai yaliyofuata, ilichanganya watu. Wakisii, Waluo, Waluhya na Wakikuyu walikaa jirani na Wakipsigis, na siku ya Jumapili wakaketi benchi moja, ibada ikisomwa kwa Kiswahili. Karani aliyehamishwa kikazi alikuja na barua ya mchungaji wake, ikasomwa mbele ya wote, naye akapokewa. Kwa maoni yangu barua hiyo ilikuwa na nguvu kuliko cheti, maana iliwaomba watu wasiomjua mgeni wamhesabu kuwa ndugu yao.

Oktoba 1991 fujo zilianza Meteitei, zikaenea katika nchi hii ya mpakani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilirudi kwa ukali. Nyumba zilichomwa Kipkelion, na watu wa makabila mengine wakakimbia mashamba ya chai. Miongoni mwa waliofukuza na miongoni mwa waliofukuzwa, wengi walikuwa wamebatizwa. Umati wa watu ulikimbilia monasteri ya Watrapisti ya Kipkelion, iliyoanzishwa na watawa wa Uholanzi mwaka 1956. Na mwaka huo huo wa 2008 watawa wenyewe wakahamia Uganda. Mwezi wa Februari, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa nao walikuwa wameegemea pande.

Kukiri huko kulikuwa kwa heshima, lakini kulikuwa kwa viongozi wa kitaifa. Huku kwetu mashambani kazi ni ya wazee wa kanisa, nao wana mazoea yao. Mtu akinywa busaa, huitwa. Akioa mke wa pili, huondolewa kwenye Meza ya Bwana. Asipotoa fungu la kumi, jina lake hutajwa. Je, aliyelima mahindi katika shamba la jirani aliyekimbia, na huku jirani huyo alikuwa mwimbaji mwenzake wa kwaya, aliitwa na nani? Na aliyeificha familia ya kabila jingine chini ya dari lake, akaitwa msaliti na watu wa ukoo wake, kanisa lilisimama naye?

Katibu wa kanisa, mshirika anapoondoka, huandika neno moja katika daftari: "Amehama." Ingefaa wazee walifungue daftari la mwaka 2008, wayasome majina yenye neno hilo, kisha waulizane ni wangapi kati yao waliondoka wakiwa na barua, na ni wangapi waliandikiwa barua hata baadaye.