Nani Mlinzi wa Ndugu Yetu?



Hapa Mafinga, fedha za mbao siku hizi hukaa katika simu, na mwizi naye amehamia humo. Hutuma ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii", au hujifanya mhudumu wa mtandao na kuomba namba ya siri. Mtu akiibiwa, twasema: kayataka mwenyewe.

Kutunza namba ya siri ni wajibu wa mwenyewe; hilo halina ubishi. Lakini tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Basi laini ya tapeli imesajiliwa kwa kidole cha nani, na wakala gani? Kampuni zinazovuna ada katika miamala, na serikali iliyotunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, zisinawe mikono kama Pilato.

Msamaria hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake njia ya Yeriko. Alimfunga majeraha, akamlipia. Nasi tuwaripoti matapeli kwa namba 15040, tuhakiki laini zetu kwa *106#, tuwaelekeze wazee wetu bila kuwacheka. Sisi ndio walinzi wa ndugu zetu.

Dominika njema.